Tuache kuwapa wanafunzi jibu la densiti kabla hawajapima

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nitoe jambo ambalo limenikaa rohoni miaka mingi, nalo ni hii tabia yetu ya kuandika ubaoni kwamba densiti ya aluminiamu, yaani gramu ngapi ziko kwenye kila mililita moja, ni 2.70 halafu dakika tano baadaye tunawaambia wanafunzi haya ingieni maabara mkapime densiti ya aluminiamu. Sasa wanapima nini? Jibu si wameshapewa. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, kazi yangu ni kuandaa mizani, kuosha vyombo, kuchanganya kemikali na kusimama pembeni wakati wa praktiko, kwa hiyo naona vitu ambavyo mwalimu akiwa mbele ya darasa hawezi kuviona vyote, na ninachokiona kila mara ni kwamba raba inafanya kazi kuliko mizani.

Nitoe mfano mmoja nilioushuhudia mwenyewe. Kulikuwa na binti mmoja mtulivu kweli, alipewa kipande cha aluminiamu cha duara kirefu kama kidole gumba, kimetobolewa tundu upande mmoja, pana kama milimita 8, halijatokea upande wa pili. Akakiweka kwenye mizani ikasoma gramu 27.06, akaandika. Akajaza maji kwenye silinda ya kupimia hadi mililita 30, akakifunga kile kipande na uzi, akakiteremsha taratibu bila kurusha maji, tundu limeangalia chini, maji yakapanda mpaka 41. Hesabu hapo ni nyepesi, 27.06 ugawe kwa 11 unapata 2.46. Nikamuona anaangalia ubao, anaangalia daftari, anaangalia ubao tena, halafu akachukua raba akafuta 41 akaandika 40. Jibu likawa 2.71. Mwalimu akapita akaweka vema, kipindi kikaisha.

Mtu ataniuliza sasa kosa liko wapi na jibu kapata? Kosa ni kwamba ile 41 ilikuwa kweli kabisa. Maji yalifika 41, niliyaona. Kilichoyafikisha pale ni hewa iliyonaswa ndani ya lile tundu, karibu mililita nzima, manake hewa ikizibwa na maji kwa chini haina pa kutokea, inabaki humo humo inachukua nafasi na wewe unaihesabu kama metali. Asingefuta angejiuliza mbona metali yangu imekuwa nyepesi hivi, angekitoa kipande akakigeuza tundu liangalie juu, akakizamisha tena na kukitikisa kidogo, angeona viputo vinapanda kimoja kimoja na usawa wa maji unatulia kwenye 40. Hilo ndo lilikuwa somo lenyewe la siku ile, alikuwa nalo mkononi, akalifuta na raba.

Baada ya kipindi nilimwita tukakirudia wawili. Alipoona vile viputo vinatoka alinyamaza kidogo halafu akasema, "Kumbe sikukosea kusoma." Ndo hivyo, hakukosea kusoma. Lakini tulikuwa tumeshamfundisha kwamba jicho lake likigombana na ubao basi jicho ndo lenye makosa, na mtoto akiondoka shule na imani hiyo tumemharibu, hata kama cheti chake kina alama nzuri.

Na simlaumu hata kidogo, kwa sababu nilipokuwa mwanafunzi nilifanya vile vile. Tulipewa ethanoli tupime, mi nikapata 0.81, kitabu kinasema 0.789. Nikarudia, 0.81. Nikarudia tena, 0.81 ile ile. Nikaona aibu, nikaandika 0.79 nikapeleka. Miaka mingi baadaye nikiwa kazini ndo nikasoma lebo ya chupa kama ile kwa makini nikakuta imeandikwa asilimia 96, yaani kilichobaki ni maji, na spiriti ya namna hiyo densiti yake kweli inacheza kwenye 0.81. Namba ya kitabuni ilikuwa ya ethanoli tupu isiyo na maji. Mizani iliniambia mara tatu kwamba humu ndani kuna maji kijana, mi nikakataa kusikia. Ile ingekuwa siku yangu ya kwanza kugundua kitu kwa kupima, nikaikosa kwa kuogopa kitabu.

Kuna na tatizo la lugha ambalo sisi tunaofundisha kwa Kiswahili au tunaoeleza kwa Kiswahili hata kama kitabu ni cha lugha nyingine inabidi tuliseme wazi. Neno zito kwetu linafanya kazi nyingi mno. Mafuta ya injini tunayaita mazito, kwa sababu yanamwagika polepole, yanavutika. Lakini ukiyamimina kwenye maji yanaelea juu, densiti yake iko chini ya 1, kama 0.88 hivi. Zebaki nayo inakimbia mezani kama haina uzito vile, inateleza kuliko maji, na densiti yake ni 13.5, chuma kinaelea juu yake. Gliserini ndo imebeba yote mawili, inavutika na densiti yake ni 1.26. Sasa mwanafunzi ukimwambia tu kimiminika kizito bila kumtenganishia, anabaki anapima ulaini wa kumwagika kwa macho na kudhani anapima densiti. Mimi huwa nawawekea maji na mafuta kwenye testityubu moja kabla hata ya kugusa mizani, nawauliza kipi kizito, wakishabishana vya kutosha ndo tunapima. (Zebaki siwaonyeshi, mvuke wake ni sumu, hiyo naieleza kwa mdomo tu.)

Turudi kwenye vyombo, maana hapa ndo penye utamu na ndo panaporukwa. Watu wakipata densiti mbaya wanalaumu mizani. Mizani ya kidijitali ya maabara ya kawaida inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu, hiyo sina shida nayo, labda umesahau kuirudisha kwenye sifuri au feni inaipepea. Mkosaji karibu kila siku ni silinda. Silinda ya mililita 50 yenye alama kila mililita moja, hata ukiinama vizuri jicho likawa sawa na usawa wa maji, ukasoma chini ya ule mbonyeo na siyo kingoni, bado unaweza kukosea nusu mililita bila kujua. Chukua kile kipande cha gramu 27.06: ujazo ukiwa 10.5 unapata 2.58, ukiwa 9.5 unapata 2.85. Hiyo ndo nafasi yako halali, kutoka 2.58 mpaka 2.85, na mwanafunzi anakuletea 2.70600 kwa sababu kikokotoo kimemwonyesha tarakimu nyingi. Zile tarakimu za mwisho zinatoka wapi? Hakuna mtu aliyezipima.

Na hapa ndo utaona kwa nini hii siyo ubishi wa bure. Zinki densiti yake ni 7.14, bati, nasema ile metali yenyewe, ni 7.29. Tofauti yao ni kama asilimia 2 tu. Silinda yangu inakosea asilimia 5 kwenye mililita kumi. Kwa hiyo ukinipa kipande cha rangi ya fedha ukaniambia nikutambulishie kwa silinda kama ni zinki au bati, jibu la kweli ni kwamba kwa chombo hiki siwezi, na mwanafunzi anayeandika hivyo daftarini anastahili alama zote. Lakini wangapi wanazipata? Risasi na aluminiamu sawa, hata kipofu atazitofautisha kwa kuzipima mkononi, 11.34 kwa 2.70.

Ukitaka usahihi zaidi wala hauhitaji mtambo wa gharama, unahitaji kuitumia mizani badala ya silinda. Weka bika yenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, halafu ning'iniza kipande chako kwa uzi mwembamba kizame chote majini lakini kisiguse chini wala ubavuni. Mizani itapanda. Kile kipande changu cha 27.06 kiliipandisha hadi 10.02. Wanafunzi wanashangaa, metali imeshikwa na uzi, haijalala kwenye bika, mbona mizani inasoma? Inasoma kwa sababu maji yanakisukuma kipande juu, na kipande nacho kinayasukuma maji chini kwa nguvu ile ile, na nguvu hiyo ni uzito wa maji yaliyosogezwa pembeni. Kwa hiyo kipande kimesogeza maji gramu 10.02. Maji ya nyuzi 20 densiti yake ni 0.998, gawanya, ujazo ni mililita 10.04, na densiti ya kipande ni 2.70 iliyotoka jasho. Hii ni kazi ya Archimedes wa Sirakusa, karne ya tatu kabla ya Kristo, na hadi leo hakuna njia nyepesi zaidi yake. Viputo tu ndo uviangalie, vinakusumbua huku pia.

Kwa vimiminika kuna ile chupa ndogo ya densiti, pikinometa, yenye kizibo chenye kitobo chembamba kama sindano katikati. Unaipima tupu imekauka, unaipima na maji, unaipima na kimiminika chako. Ya kwangu tupu ni gramu 24.31, na maji ya nyuzi 20 ni 74.22, maana yake maji ni 49.91 na ujazo wake unatoka 50.00. Nikaijaza ethanoli tupu ikasoma 63.76, ethanoli peke yake 39.45, ugawe kwa 50 unapata 0.789. Safi kabisa. Lakini sasa mtu akiishika chupa kwa kiganja kizima, joto la mkono linaingia, kimiminika kinatanuka, tone linatoka juu ya kizibo, analipangusa kwa kitambaa, na hapo ameshapoteza sehemu ya kitu alichotaka kupima bila hata kujua. Shika shingoni, kwa vidole viwili au kwa karatasi. Ethanoli inatanuka kuliko maji, ukiipandisha kutoka nyuzi 20 hadi 25 tu densiti inashuka kutoka 0.789 hadi 0.785, wakati maji yanatoka 0.998 hadi 0.997. Ndo maana densiti ya kimiminika isiyoandikwa joto lake mi huwa nairudisha, kaandike joto kwanza.

Kuna kitu kingine kidogo nakipenda sana, changanya mililita 50 za ethanoli na 50 za maji, wote wanasema itakuwa 100. Inatoka kama 96. Hakuna kilichomwagika, pima uzito uone haujapungua hata kidogo, molekuli zimebanana vizuri zaidi kuliko zilivyokuwa peke yake. Mwanafunzi aliyezoea kufuta atafuta 96 aandike 100. Fikiria hasara hiyo.

Sasa kuna wanaosema haya ni mambo madogo, ni praktiko ya watoto, kwani nani amewahi kugundua kitu kwa kupima densiti. Basi niwape mawili. Lord Rayleigh wa Uingereza alikuwa anapima densiti ya naitrojeni, akakuta naitrojeni aliyoitoa kwenye hewa inajaza chupa yake ya kioo kwa gramu 2.310, na naitrojeni aliyoitengeneza kwa kemikali inaijaza chupa ile ile kwa 2.299. Tofauti ya nusu asilimia! Wengi wetu tungesema aah, ni kosa la mizani, andika wastani uende nyumbani. Yeye akarudia, akarudia, tofauti haiondoki, na mwaka 1892, tofauti ikiwa bado ndogo kuliko hiyo, akaandika barua kwenye jarida la Nature akiwaomba wanakemia wamsaidie mawazo, yaani barua kwa mhariri kama hii ninayokuandikia. Akaja kushirikiana na William Ramsay, na mwaka 1894 wakatangaza kwamba kwenye hewa hii tunayovuta kuna gesi nyingine ambayo hakuna aliyekuwa anaijua, agoni. Mwaka 1904 wote wawili walipata Nobel, mmoja ya fizikia mwingine ya kemia. Yote yametoka kwenye tarakimu ya pili baada ya nukta ambayo mtu mmoja alikataa kuifuta.

La pili linaenda upande wa pili na ndo maana nalitaja, nisije nikaonekana nasema kila anachopima mwanafunzi ni sahihi. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aligundua metali mpya akaiita gali, akapima densiti yake akapata 4.7. Mendeleev, mwanakemia wa Urusi ambaye hajawahi hata kuiona hiyo metali, alikuwa ameshatabiri kutoka kwenye jedwali lake la elementi kwamba kutakuwa na elementi pale na densiti yake itakuwa kama 5.9, akasema sampuli ile haikuwa safi, ipimwe upya. Na kweli, Lecoq akaisafisha zaidi, akapima tena, ikatoka 5.9. Hapo namba ya kitabuni ilishinda. Lakini angalia alivyofanya, hakuchukua raba akabadilisha 4 kuwa 5. Alirudi kwenye metali yenyewe. Hiyo ndo tofauti ninayoililia mimi, kurudi kwenye kitu siyo kurudi kwenye daftari.

Kwa hiyo ninachoomba kwa walimu wenzangu na kwa wanaotunga mitihani ya vitendo ni hiki. Vipande vya metali vipewe namba, visipewe majina, na jedwali la densiti litoke mwishoni baada ya kila kundi kutangaza namba yake mbele ya wengine na kusema inaweza kuwa imekosea kwa kiasi gani. Vipimo viandikwe kwa kalamu ya wino, ukikosea unakata mstari mmoja unaandika pembeni na sababu yake, kile cha zamani kibaki kinasomeka. Na mwongozo wa kusahihisha usitoke kwenye kitabu, utoke kwenye kupima kweli ile sampuli iliyowekwa mezani siku ile, kwa vyombo vile vile, maana spiriti ya asilimia 96 haiwezi kukupa 0.789 hata umuweke Rayleigh mwenyewe. Mwanafunzi akiandika 2.46 na chini yake akaandika nadhani kuna hewa kwenye tundu, huyo apewe alama kuliko wa 2.70 asiyejua imetokaje.

Najua nitaambiwa muda hautoshi, wanafunzi wengi vyombo vichache. Ni kweli, naishi humo kila siku. Lakini muda tunaotumia kupimisha metali sita haraka haraka ili jedwali lijae ungetosha kupima metali moja mara tatu, na kutoka kwenye hizo mara tatu mwanafunzi angejifunza kwamba kipimo hakirudi kile kile kila mara na kwamba hilo siyo dhambi. Metali sita za kupika hazimfundishi kitu isipokuwa kupika. Wanafunzi wenyewe ndo wanaita hivyo, kupika data, wanasema bila hata kuona haya kwa sababu wanaona ndo utaratibu. Na kesho huyo huyo ndo atakuwa anapima dawa, anapima asidi ya betri kwa haidromita, anapima nguvu ya chuma cha daraja. Siyo wote, lakini wapo watakaofika huko na mkono wao umeshazoea.

Mimi kwa upande wangu nimeshaanza na kile ninachoweza bila kusubiri mtu. Praktiko ya densiti iko wiki ijayo, nimeshakwangua majina kwenye vipande vyote, nimebakisha namba 1 hadi 8, matundu nimeyaacha kama yalivyo. Orodha ya nini ni nini iko kwenye droo yangu, imefungwa, na mwalimu wa somo amekubali hata yeye asiione mpaka kipindi kiishe.

Fundi sanifu wa maabara,
msomaji wako wa siku nyingi.